Je, nakala iliyo kwenye D inatosha kabla ya kuhamia Windows 11?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la steshenari na kompyuta ya mezani inayotumia Windows 10. Humo mna hesabu za duka, kazi za wateja na picha za familia. Fundi anasema Windows 10 haipati tena masasisho ya usalama, hivyo tuhamie Windows 11. Nimekwisha kunakili folda zangu zote kutoka C kwenda D. Je, nimruhusu aanze kazi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, tunakusihi usimruhusu bado. Fundi wako amesema kweli, kwani Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yenye hesabu za biashara haifai kukaa muda mrefu bila masasisho ya usalama. Tatizo ni hiyo nakala. Katika kompyuta nyingi C na D ni sehemu mbili za diski ileile moja, kwa hiyo diski ikifa, au fundi akilazimika kupiga Windows upya na kwa bahati mbaya akafuta sehemu zote, asili na nakala vitapotea pamoja.

Huenda ukaambiwa kwamba sasisho haligusi mafaili ya mtu. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini si mara zote. Oktoba 2018 Microsoft yenyewe ilisimamisha usambazaji wa sasisho la Windows 10 siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu baadhi ya watumiaji walikuta mafaili yao yamefutwa. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wameelekeza folda kama Documents mahali pengine, kwa mfano kwenye D, huku mafaili mengine yakiwa yamebaki katika folda ya zamani. Sasisho liliihesabu folda hiyo kuwa haina kazi tena, likaiondoa pamoja na vilivyomo.

Tafuta basi diski ya nje, au flashi ikiwa mafaili si mengi. Flashi nyingi huja zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4, hata kama nafasi tupu ni kubwa. Video ikikataliwa, ibadilishe flashi iwe exFAT, mpangilio unaopokea mafaili makubwa zaidi, ingali tupu, maana kubadilisha huko hufuta kila kitu kilichomo. Usinakili Documents pekee. Angalia pia Desktop na Downloads, na zaidi ya yote angalia programu ya hesabu, kwa kuwa programu nyingi za aina hiyo hutunza kumbukumbu zake katika folda yake yenyewe ambayo mwenye duka hajawahi kuifungua. Ni salama zaidi kutumia amri ya kutengeneza nakala iliyomo ndani ya programu hiyo, kisha faili litakalopatikana ulipeleke kwenye diski ya nje.

Kunakili kukiisha, ichomeke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili kadhaa, hasa yale makubwa na yale ya karibuni. Hatua hii tunaisisitiza kuliko zote, kwa sababu nakala isiyofunguka hugunduliwa siku ile unapoihitaji. Baada ya hapo ichomoe na uiweke mbali na mikono ya kazi. Ukipenda, hesabu za duka zipeleke pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa GB 15 bila malipo. Kumbuka tu kwamba folda iliyounganishwa na hifadhi hiyo hufuata mabadiliko ya kompyuta, na faili likifutwa huku, hufutwa na kule.

Muulize fundi pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows linalozuia diski isisomeke bila ufunguo. Ikiwa ndivyo, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa katika akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi, kwani kompyuta inaweza kuudai baada ya mabadiliko, na bila huo hutayafikia mafaili.

Kazi ikikamilika, Windows 11 hukupa siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa awali, kwa kutumia folda iitwayo Windows.old. Fundi asiifute ili kupata nafasi kabla hujafungua hesabu zako na kuchapisha risiti moja ya majaribio.