Kabla hujanunua rangi

Mwanangu,

Salamu kutoka huku Kakamega. Umeniuliza mabati ya nyumba yapakwe rangi gani, nyekundu au kijani, kabla ya mvua ya masika. Rangi tutaizungumza. Ukija, ingia kwanza chumba cha nyuma saa sita mchana, funga mlango na madirisha, uinue macho. Ukiona vitone vya mwanga, hiyo si kazi ya rangi. Mimi nimehesabu kumi na kimoja, vyote juu ya kabati la marehemu baba yako.

Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: maji hayadondoki pale yalipoingilia. Huingia kwenye tundu la msumari, yakafuata mbao, yakatokea mbali. Ndivyo tulivyokosea mvua ya El Niño ya 1997. Fundi alikuja na kopo la lami, akaziba juu ya kitanda chenu, akalipwa, akaenda zake. Usiku tulitega sufuria, karai, hata beseni la kumwogeshea dada yako, kumbe maji yanateremka ukutani, stoo. Siku chache baadaye nikatia mkono kwenye gunia la mahindi, nikakuta joto, na punje zimeshikana. Magunia manne! Harufu ile ninayo puani hadi leo. Baba yako alikaa kizingitini kimya, nami nikamsema mbele yenu. Hilo linaniuma kuliko mahindi.

Ni kweli, kutu ya juujuu husuguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa rangi, na bati likaendelea. Msumari ambao mpira wake umepasuka hubadilishwa. Sikatai. Lakini kwetu kutu imekula pale mabati yanapolaliana, na juzi kijana wa jirani alipanda akachoma mbao kwa kisu changu cha jikoni, kikazama kama kwenye ndizi mbivu. Hapo hata uweke bati jipya nene, la geji 28, msumari utashika wapi?

Ningekuwa mimi, ningeezua... Hapana, sisemi. Pesa ni zako, na karo za wajukuu wangu nazijua. Ila usinitumie kopo la rangi. Niletee fundi asiyeogopa kung'oa bati moja nikiwa nimesimama pale chini, nawe uwe kwenye simu, tuzione hizo mbao pamoja. Mahindi nimeshayahamishia sebuleni.

Mama yako