Dengu alizotumwa na dengu alizoleta

Swali: Maalim, asalaam alaikum. Mimi ni mkazi wa Malindi na mke wangu ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Majuzi alinituma dengu. Nikaenda dukani, nikaomba dengu, nikapewa, nikazileta nyumbani. Alipofungua mfuko alicheka, akasema hizi ni choroko. Mamangu, ambaye tunaishi naye, akasema hizo si dengu wala si choroko, ni pojo. Tangu siku hiyo tunabishana juu ya kila sahani: mke wangu husema maandazi, sisi husema mahamri; yeye husema ugali, sisi husema sima. Tuna nia ya kufungua mkahawa mdogo na sijui ubao wa vyakula uandikwe vipi. Ni nani kati yetu asemaye Kiswahili sahihi? Na kichwa cha ubao wa asubuhi kiwe nini?

Jibu: Waalaikumu salaam, ndugu yangu wa Malindi. Nyote watatu mmesema Kiswahili sahihi, na mwenye duka pia, ambaye hukumtaja sana ingawa ndiye aliyetia mkono mfukoni. Najua jibu hilo halitawapatanisha, kwa sababu watu watatu wakiambiwa kwamba wote wamepata, kila mmoja huondoka akiamini kuwa yeye amepata zaidi ya wenziwe. Kwa hiyo nitalieleza kwa urefu kidogo, nikianzia kwenye mfuko wenyewe.

Punje ulizoleta, kwa namna ulivyoeleza kisa, ni zile ndogo za kijani zenye kidoa cheupe kwenye kitovu. Tanzania huziita choroko. Sisi wa pwani ya Kenya huziita pojo, na aliyekulia huku hahitaji kuelezwa pojo za nazi ni chakula gani. Watu wa bara ya Kenya huziita ndengu, na hapo ndipo ulipoteleza. Sehemu kubwa ya zao hili hulimwa Ukambani, na soko la Malindi lina wauzaji wengi waliotoka bara, hivyo jina la huko limeteremka pwani pamoja na magunia. Msikilizaji wa pwani anaposikia ndengu hudhani ni dengu ile ile imetamkwa na mtu mwenye lafudhi nyingine, na mwenye duka naye anaposikia dengu hudhani mteja ameimeza ile n ya mwanzo. Kila mmoja anamsahihisha mwenziwe kimoyomoyo, kwa adabu, bila kusema neno, na mzigo unapimwa.

Mkeo alitaka kitu kingine kabisa. Kwa Mtanzania, dengu ni zile punje kubwa kuliko choroko, za rangi ya udongo au ya manjano, zenye ncha mfano wa mdomo wa ndege. Na hapa kuna ushahidi ambao uko katika kabati la kila jikoni, la Malindi, la Nairobi na la Dar es Salaam, wala hauhitaji kamusi: unga wa dengu. Unga huo, ule wa manjano unaovishwa viazi kabla ya kutiwa katika mafuta, hausagwi kutokana na punje za kijani. Unatoka katika dengu za mkeo. Mpishi wa bara anayeziita punje za kijani ndengu hununua unga wa dengu wa manjano siku hiyo hiyo, kwenye duka hilo hilo, na hapati kushangaa. Maana ambayo nafaka nzima imeipoteza kwake, unga umeihifadhi. Katika kazi yangu nimeona mara nyingi kwamba maneno mawili yaliyofungamana hushika maana ya zamani kwa muda mrefu kuliko neno lililosimama peke yake, na sijui mfano mzuri kuliko huu. Kwa hiyo ukinilazimisha kuchagua, kwa dengu peke yake, nitampa mkeo haki. Kwa pojo na choroko simpi mtu haki kumshinda mwingine: hayo ni majina mawili ya kitu kimoja, na yote mawili ni ya Kiswahili.

Ningependa uishike tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia kwenye ubao wako. Majina mawili yanapoelekea kwenye sahani moja, mgeni huuliza mara moja tu, akajifunza, basi. Jina moja linapoelekea kwenye sahani mbili, hakuna anayeuliza, kwa kuwa kila mtu anadhani anajua, na makosa hugunduliwa wakati chakula kimekwisha kuletwa mezani. Mabishano mengi ya nyumbani kwako ni ya aina ya kwanza, nayo hayana madhara. Maharagwe ya Kenya na maharage ya Tanzania ni hivyo hivyo. Tofauti ni herufi moja, na hakuna aliyelala na njaa kwa ajili yake.

Mahamri na maandazi yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hayalingani sawasawa. Andazi linatokana na kitenzi kuandaa, na katika matumizi ya zamani lilikuwa neno pana la vitu vilivyoandaliwa kwa unga. Tanzania limebaki na upana huo: yenye nazi na iliki ni maandazi, yasiyo na nazi ni maandazi pia, na anayetaka kubainisha huongeza neno. Hamri, kwa upande wake, ni jina lenye asili ya Kiarabu, katika mzizi wa kuchachusha, ndugu wa karibu wa hamira iliyomo ndani yake. Kwa hiyo jina letu linataja jinsi unga unavyoumuliwa, na jina lao linataja kazi ya mpishi. Lakini katika Kenya maneno haya mawili yamegawana kazi. Mahamri ni yale ya tui na iliki, yaliyoumuka yakawa na uwazi ndani, yanayoliwa na mbaazi za nazi asubuhi. Mandazi ni yale mazito zaidi ya bara, ambayo mara nyingi hayana nazi. Mzee wa Langoni hapa Lamu ukimwekea mandazi ukayaita mahamri atayala, kwa kuwa ni mstaarabu, lakini kesho atapita njia nyingine.

Utakuwa umeona nimeandika mandazi kwa a moja. Si kosa la chapa. Wakenya wengi wamelichukua umbo la wingi wakalifanya neno zima lisilo na umoja wala wingi, nao husema mandazi moja, mandazi mbili, mandazi hii imeungua. Mtanzania husema andazi hili limeungua, maandazi haya yameungua. Kwa maandishi rasmi ningekushauri ufuate upatanisho wa pili, kwa sababu neno lina historia iliyo wazi, ila sitamsahihisha mtu anayenunua mandazi mbili akiwa amesimama kwenye foleni. Hamri halina matatizo hayo: hamri moja, mahamri mawili, Lamu hadi Vanga.

Kuna tofauti nyingine ambazo si tofauti za majina hata kidogo, na watu wa bara hutuuliza habari zake kila wanapofika kwetu. Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, husema mtele mahali Kiunguja, kile cha Unguja, kisemapo mchele, mtuzi mahali pa mchuzi, matungwa mahali pa machungwa, na mwenye njaa kwetu ana ndaa. Msafiri anayesikia kahawa tungu akadhani tungu ni aina ya mbuni atakuwa amekosea: ni kahawa chungu, isiyotiwa sukari, kwa sauti ya kaskazini. Neno ni lile lile, ila limepita katika kinywa kingine. Sauti hiyo haigusi kila neno, maana chai yetu ni chai na chapati zetu ni chapati. Hayo ni maneno ya kuja, yaliyofika wakati mabadiliko ya sauti yamekwisha kupita. Mtele na mtuzi hayamo kwenye vitabu vya shule si kwa sababu ni mabovu. Mkutano wa lugha wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikaandika vitabu kwa msingi huo. Mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa, jambo ambalo wazee wa Kimvita hawajaacha kulitaja.

Sasa sima na ugali. Hapa pia ni majina mawili na sahani moja, na mkeo hana la kujifunza isipokuwa kuzoea. Sima si neno la kando wala la mtaani: Wachewa wa Malawi wana nsima, Wakikuyu na Wakamba wana ngima, na ukiyaweka maneno hayo pamoja huwezi kukosa kuona kuwa ni ndugu. Neno hilo limeyatangulia mahindi, kwa kuwa watu wa pwani hii walisonga sima ya mtama na ya wimbi kabla mahindi hayajavuka bahari kutoka bara la Amerika. Nayo mahindi, kwa jina lake, yanaisingizia India safari ambayo hayakuifanya.

Lililo gumu zaidi kwa mtu wa Malindi si ugali, ni wali. Kwa Mswahili wali ni mchele uliopikwa. Kwa Mgiriama, ambaye ndiye jirani yako na kwa yakini atakuwa mteja wako, wari ni sima, na wari wa matsere ni sima ya mahindi. Mtu anayesikia wari wa matsere kwa sikio la Kiswahili husikia karibu wali wa mchele, na ni sahani nyingine kabisa. Mgiriama anapozungumza Kiswahili hubadilisha bila shida, kwa kuwa amezizoea lugha zote mbili tangu utotoni. Anayepotea ni mpishi mgeni aliyetoka Tanga au Unguja. Ukiajiri wa namna hiyo, mweleze siku ya kwanza.

Mtego mwingine ni mkate wa mayai. Unguja, mkate wa mayai ni keki nyepesi ya mayai, sukari na unga, inayoliwa na chai au kahawa. Mombasa, mkate mayai wa usiku barabarani ni chapati nyembamba iliyokunjwa juu ya nyama ya kusaga na yai, ikakaangwa. Zingatia kwamba yule wa barabarani mara nyingi husemwa bila kiunganishi wa: mkate mayai. Silabi moja ndiyo iliyobeba tofauti kati ya kitu kitamu na kitu cha pilipili, na silabi hiyo humezwa kwa urahisi mno mtu akisema haraka. Kwenye ubao usiitegemee. Andika mkate wa nyama na mayai kwa ule wa pili, na mgogoro utakuwa umekwisha.

Bajia nazo zifanyie vivyo hivyo. Mtanzania huwa anatarajia za kunde, na Mkenya wa mjini anatarajia vipande vya viazi vilivyovikwa ule unga wetu wa dengu. Wewe andika bajia za kunde au bajia za viazi, kwa kuwa pwani hujua zote mbili. Kaimati ziache kama zilivyo. Wako wanaosema kalimati, na yote mawili yanatokana na neno la Kiarabu linalomaanisha vitonge vidogo, lakini hakuna atakayekuja kuzisoma badala ya kuzila. Chai itaje kikamilifu, chai ya maziwa na chai ya rangi, kwa sababu Mkenya akisema chai tu huona maziwa tayari mbele yake, na Mtanzania haoni.

Kwa ubao wenyewe, basi, ningeandika mahamri, sima na pojo kwa herufi kubwa, kwa kuwa mkahawa uko Malindi na jina la mahali lina haki ya kwanza mahali pake. Chini ya pojo, kwa herufi ndogo, ningeongeza choroko kwa ajili ya wageni wa kusini. Neno dengu lisionekane popote ubaoni isipokuwa mkeo ameamua kuzipika zile zake za rangi ya udongo, na hapo aandike dengu na kuweka sahani ya mfano pale mbele. Akikutuma tena, usiombe kwa jina. Mwambie mwenye duka unataka zile zinazosagwa unga wa bajia.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua, kichwa cha ubao wa asubuhi kiwe nini. Shule za Kenya hufundisha kiamshakinywa na staftahi, na mchana husema chamcha, usiku chajio. Mkeo atasema kifungua kinywa, kisha chakula cha mchana na chakula cha usiku, na maneno hayo ya kina chamcha atayaona kama vitendawili. Kiamshakinywa na kifungua kinywa yote yanaeleweka pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo chagueni lolote nyumbani bila kuniuliza. Wateja wenu wa alfajiri, kwa vyovyote mtakavyoandika, watasema wamekuja kunywa chai, hata aliyekula mahamri manne na bakuli la mbaazi.