Kwa nini maji hujikunja nyuma ya ukingo mkali wa chuma?

Swali: Kwenye mfereji wetu wa mpunga hapa Butaleja, Uganda, tumesimamisha fletiba (ubapa mrefu wa chuma) ya kusomea kina cha maji: urefu mita 1.2, upana sm 10, unene mm 6. Chini imefungwa kwa bolti kwenye zege, juu iko huru, na uso wake mpana unakabili mkondo. Nyuma yake vizingia vya maji, yaani maji yanayojizungusha, huzuka kwa zamu, kulia kisha kushoto, na chuma hutikisika hadi bolti zinalegea. Maji yanashindwaje kupita pembeni kwa utulivu? Nikiviringisha kingo kwa msasa, itatulia?

Jibu: Kwa jinsi ilivyosimama sasa, msasa hautabadilisha kitu. Maji yanayogusa chuma husimama kabisa. Yaliyo milimita chache mbali nacho hukimbia. Kati yake kuna tabaka jembamba ambamo maji ya nje huyapita ya ndani, na huko ndiko mzunguko unakozaliwa, kabla hata ya kufika ukingoni.

Pale ukingoni maji huwa na kasi kubwa na shinikizo dogo. Ili yajipinde kufuata mgongo wa chuma, yangelazimika kupunguza kasi ghafla huku yakipanda kuelekea shinikizo kubwa. Lile tabaka lililokwisha kuchoshwa na msuguano haliwezi kupanda huko. Hubanduka na kuondoka kama utando kati ya maji ya kasi nje na maji yaliyotulia nyuma. Utando huo hauna uthabiti: kijiwimbi kidogo tu hukua, na wote hujiviringa kama mkeka. Kizingia hunenepa kwa kulishwa na utando wake, hadi kiwe na nguvu ya kuuvuta utando wa upande wa pili. Huo unazunguka kinyume. Ukiingia kati hukikata chakula, nacho huenda na maji. Zamu inahamia upande mwingine. Ukitaka kuona mwanzo wa jambo hili, vuta kijiko kilichosimama ndani ya chai: vishimo viwili hutokea kandokando yake, vikizunguka kinyume.

Kwenye bomba la mviringo, mahali pa kubanduka husogea kasi ikibadilika. Kwenye ukingo mkali hapasogei, na ndiyo sababu bamba za kupimia mtiririko huchongwa kingo kali makusudi.

Sasa hesabu. Tupa chungwa majini, pima muda wake kwa mita 10, rudia mara tatu. Likitumia sekunde 12.5, kasi ni mita 0.8 kwa sekunde. Zidisha kasi kwa namba ya Strouhal, namba inayounganisha kasi na upana na mwendo wa vizingia, ambayo kwa bapa linalokabili mkondo ni karibu 0.15, kisha gawanya kwa upana wa mita 0.1: unapata mizunguko 1.2 kwa sekunde. Fletiba husokotwa kwa mwendo huo, lakini husukwa mbele na nyuma mara mbili yake, 2.4, kwa kuwa kizingia cha kulia na cha kushoto kila kimoja hubadilisha msukumo. Na fletiba ya vipimo vyako, ikizama karibu yote, hutikisika yenyewe takriban mara 2 kwa sekunde. Namba hizo, 2.4 na 2, zimekaribiana mno, kwa hiyo kila msukumo huongeza mtikisiko uliopo. Hapo ndipo bolti zinapolegea. Hakikisha: maji yakiwa yamesimama mferejini, isukume kwa mkono na uhesabu. Usipime mfereji ukiwa mkavu, maana maji yanayosukumwa na chuma huongeza uzito wake, na hewani jibu litakuwa kubwa kuliko ukweli.

Dawa bora ni kuigeuza robo mzunguko, ukingo uelekee mkondo na namba zielekee ukingo wa mfereji, utazisoma vizuri zaidi. Maji yatakutana na mm 6 badala ya sm 10. Iwe sambamba kabisa na mkondo. Ikienda mshazari digrii kumi hivi, maji yatabanduka tena kwenye ukingo wa mbele. Ikibaki na mtetemo mwembamba wa haraka, hapo ndipo msasa au faili hufaa: chonga ukingo wa nyuma upande mmoja tu, uwe kama patasi.

Usipoweza kuigeuza, funga kichwa chake kwenye mhimili wa kuvuka mfereji. Kasi yake ya kutikisika hupanda zaidi ya mara nne, mbali na 2.4. Kupunguza upana kuwa sm 5 kunashusha msukumo kwa nusu, lakini kunapandisha namba za vizingia mara mbili, kwa hiyo rudia hesabu kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea.