Ripota chipukizi, anza na ripoti ya mkaguzi

Vijana wanaotaka kuingia katika uanahabari hapa Kisumu huniuliza wanunue simu gani. Swali si baya. Siku hizi ripota hupiga picha, hurekodi sauti, huhariri video na kuandika taarifa peke yake, mara nyingi kabla hata hajatoka Ahero. Lakini hayo utayazoea kwa kuyafanya, na programu zenyewe hubadilika kila kukicha. Kazi ambayo wengi huikwepa ni kusoma nyaraka za serikali, na ningependa uanzie hapo.

Tangu ugatuzi uanze 2013, pesa nyingi zinazogusa maisha yetu hupitia kaunti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua kila kaunti, na ripoti zake zinapatikana bure mtandaoni. Usianze kwa kuisoma yote. Tafuta miradi iliyokwama, chagua mmoja ulio karibu nawe, uende. Mimi huchapa kwenye karatasi ukurasa wa ripoti unaoutaja mradi huo, nikaenda nao mkononi. Ukifika kwenye zahanati iliyolipiwa, tazama kama mlango una kitasa, fungua bomba uone kama maji yanatoka. Muulize mama anayeuza mboga hapo kando mafundi walionekana lini mara ya mwisho. Halafu mpigie mwanakandarasi, upigie na ofisi ya kaunti, kila upande upate nafasi ya kujibu.

Ukinyimwa hati, usibembeleze. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Andika barua, ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Barua fupi ya namna hiyo imewahi kunipatia hati niliyoifuatilia kwa simu bila mafanikio.

Picha za WhatsApp nazo zinahitaji subira, hasa msimu wa mafuriko kule Nyando na Budalang'i. Mwombe aliyekutumia akwambie nani aliipiga, kisha umtafute huyo na umuulize alikuwa amesimama wapi. Soma mabango yanayoonekana. Mpigie chifu wa eneo. Picha ya zamani inaweza kuwahamisha watu bure, na siku maji yatakapokuja kweli, wakakataa kutoka. Ukishaithibitisha, mwambie msomaji umeithibitisha vipi: ilipigwa wapi, saa ngapi, na nani mwingine aliyekuwepo.