Waya wa kadi ya grafiki: anza kuangalia upande wa pawa saplai

Mimi huhariri video za harusi na matanga hapa Kisumu. Alhamisi moja jioni nilipata kadi ya grafiki ya mtumba, RX 580, na Jumamosi mwenye harusi alikuwa anataka video yake. Kadi hiyo inahitaji plagi moja ya pini 8. Pawa saplai yangu, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ni ya aina ambayo nyaya zake zote huchomolewa, na waya wa kadi sikuuona popote. Nikapanda boda hadi Manyatta kwa rafiki yangu, akaniazima wake.

Pawa saplai yake ni ya kampuni nyingine. Nikajiambia waya ni waya. Upande wa kadi ukaingia, ta! Upande wa pawa saplai nao ukaingia bila hata kulazimishwa. Nikabonyeza swichi. Feni zilizunguka kidogo tu zikasimama, kisha ikaja ile harufu ya plastiki iliyoungua.

Fundi wangu wa karibu na Kibuye hakunicheka. Aliweka multimita, kile kipima umeme, kwenye mlio, akagusa pini moja moja, upande huu na ule. "Kijana wangu," akasema, "huku kwa kadi mpangilio ni mmoja dunia nzima. Kule kwa pawa saplai kila kampuni hupanga inavyotaka." Pale kadi ilipotarajia volti 12, waya ule ulikuwa umepeleka negativu. Kadi ilikuwa imekufa. Wakati mwingine hata pawa saplai mbili za kampuni moja, modeli tofauti, hazipangi pini sawa. Kwa hiyo kama waya haukuja na pawa saplai yako, au kampuni yenyewe haijaandika kwamba unafaa modeli yako, uache.

Hesabu ya wati si ngumu. Soketi ya kadi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, hutoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. RX 580 hula kama wati 185, ndiyo maana pini 8 moja inatosha.

Usichanganye plagi hiyo na ile ya prosesa, ambayo pia ina pini 8. Ya prosesa hugawanyika nne kwa nne, ya kadi hugawanyika sita kwa mbili, na chanya na hasi zimekaa kinyume. Ukiona inakataa kuingia, usitumie nguvu za kufungulia soda.

Kuna adapta ninazozichukia kuliko zote: zile zinazochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ya kulishia diski, na kuugeuza kuwa pini 6 au 8. Plagi ya SATA imetengenezewa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Pini 8 inaweza kuombwa wati 150. Piga hesabu mwenyewe nani ataungua. Ni za bei ya chai na mandazi, na ndiyo sababu zinanunuliwa.

Wengi wetu tunatumia kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini, na pawa saplai zake nyingi hazina plagi ya kadi kabisa. Hapo usitafute adapta, tafuta kadi ndogo. GTX 1650 hula wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wowote. Angalia tu picha ya ukingo wa kadi kabla ya kutuma pesa, kwa sababu yapo matoleo yenye plagi.

Wenye pesa za kadi kubwa kama RTX 4090 wana shida yao: plagi mpya ya pini nyingi, inayobeba hadi wati 600. Mwaka 2022 baadhi ziliyeyuka, na kutoingia hadi mwisho kulitajwa kuwa chanzo kimojawapo. Isukume mpaka usione pengo, na usiukunje waya karibu na plagi.

Siku hizi nyaya zangu zote zina alama ya rangi ya kucha niliyomwomba dada yangu, nyekundu kwa pawa saplai ya sasa. Ule wa Manyatta nilimrudishia mwenyewe. Akaunusa, akaniuliza nilikuwa nachomea nini.