Re: Seramu ya chai ya kijani imegeuka kahawia na inawasha

Pole sana dada. Umesema seramu yako ilikuwa nyeupe, sasa imegeuka kahawia na inakuwasha usoni. Iache kwanza. Yangu iligeuka hivyohivyo nilipoiweka dirishani: katekini, yaani kemikali za asili zilizomo kwenye chai, hasa ile iitwayo EGCG, ndizo zinazotuliza wekundu na kupunguza mafuta, lakini hewa na mwanga huziharibu. Tafuta chupa ya pampu isiyopitisha mwanga. Kabla ya kununua soma viambato. Camellia sinensis, yaani jina la kisayansi la mmea wa chai, ikitajwa mwishoni, baada ya manukato, humo chai ni kidogo mno. Na mara nyingi manukato ndiyo yanayowasha, si chai yenyewe. Mpya ijaribu nyuma ya sikio siku chache. Losheni ya kukinga jua usiiache, tafadhali, chai haiwezi kazi hiyo.