Stesheni yako ya zilipendwa ikianza kujirudia

Nashona nguo tangu asubuhi mpaka magharibi, na simu huwa juu ya kabati la vitambaa ikiimba muda wote stesheni ya zilipendwa kutoka programu ya muziki, yaani mfululizo wa nyimbo ambao programu inauchagua yenyewe. Siku moja mteja alileta gauni la kupunguza kiuno saa nne, akarudi saa tisa kulichukua. Alisimama mlangoni akasikiliza, akaniuliza, "Fundi, huu si ndio wimbo niliouacha asubuhi?" Ulikuwa ndio huohuo, na hapo katikati ulishapita tena.

Jumapili iliyofuata nilishika kalamu nikaandika kila wimbo uliopigwa kwa saa nne. Zilipigwa nyimbo 41. Nilipofuta zilizojirudia, zikabaki 17.

Stesheni ile niliianzisha mwenyewe kwa wimbo mmoja tu wa Marijani Rajab, mwimbaji wa dansi wa zamani, na tatizo lilianzia hapo. Programu haijui zilipendwa ni nini. Inachotazama ni waliousikiliza wimbo ule walisikiliza nini kingine, kisha inakuletea hicho. Bongo Fleva ina wasikilizaji wengi mno, kwa hiyo njia za kupita haziishi. Wanaosikiliza bendi za miaka ya 1970 kwenye simu ni wachache, na wengi wao wanazunguka palepale, basi stesheni nayo inazunguka nao. Kila nilipobonyeza alama ya kupenda, duara lilizidi kubana.

Halafu kuna suala la rekodi zenyewe. Bendi zetu nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania kwenye kanda, na kazi nyingi za wakati ule hazijafika kwenye programu hizi. Zilizofika, wimbo mmoja unaweza kuukuta kwenye albamu tatu za mkusanyiko, kila moja na picha yake ya jalada. Sikio lako linajua ni wimbo mmoja. Programu inahesabu nyimbo tatu.

Ushauri wangu: stesheni ya namna hiyo ifute, usipoteze wiki kuirekebisha. Anza upya kwa majina ya bendi, tena zilizoachana miaka na ladha. Mimi niliweka Cuban Marimba ya Salum Abdullah, ambaye alifariki 1965, nikaweka DDC Mlimani Park iliyoanza 1978, nikaongeza Tabora Jazz na Remmy Ongala. Huyu Remmy ndiye aliyenifungulia mlango. Alizaliwa Kongo, akavuma hapa kwetu na Super Matimila, akarekodi mpaka Uingereza, na wanaomsikiliza wametapakaa. Kupitia kwake stesheni ilianza kuniletea magitaa ya Kongo ambayo sikuwahi kuyasikia.

Majina nayo yatafute kwa kila sura yake. Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, baadaye ikawa Juwata, kisha OTTU. Ni bendi moja, lakini ukiandika Msondo peke yake unaweza kuikosa miaka yake mizuri kabisa. Mbaraka Mwinshehe vilevile: mtafute kwa jina lake, halafu kwa bendi alizopigia, Morogoro Jazz na Super Volcano.

Alama ya kukataa itumie kwa uangalifu. Wimbo unaoupenda ukikuchosha, usiukatae, maana programu itaelewa kwamba muziki wa aina hiyo huutaki. Uruke tu. Programu nyingine zina kitufe cha kuupumzisha wimbo kwa mwezi mmoja hivi, kitafute.

Lakini kilichoniokoa hasa ni orodha yangu mwenyewe. Kila jioni kabla ya kufunika cherehani natafuta wimbo mmoja nisioujua, nauingiza. Sasa zimefika 140. Kwa dakika sita kila wimbo, hizo ni saa 14, siku nzima ya kazi inakwisha bila kurudia. Nimezipakua zote ili bando lisiishe, na nimezima ile sehemu inayoendelea kupiga yenyewe orodha ikiisha, kwa sababu ndiyo inayokurudisha kwenye duara lilelile.

Kuna mzee jirani anayeuza mkaa, enzi zake hakukosa dansi Jumamosi. Siku hizi akipita ananiandikia majina ya nyimbo nyuma ya karatasi ya vipimo. Wiki iliyopita aliniandikia 11. Nne nimezipata. Saba bado nazitafuta.